Sauti Yangu Kinywani mwa Minza

Kitambaa kipya kina harufu yake. Anayenunua nguo iliyokwisha kushonwa haijui harufu hiyo, maana humfikia ikiwa imeshapotea. Ila sisi mafundi, tukikata kamba ya robota na kukunjua mita ya kwanza, hutupiga usoni: harufu ya wanga na rangi, na kwa mbali kitu kama mafuta ya taa. Kibanda changu cha ushonaji kiko Somanda, kando ya barabara ya kwenda hospitali, na bodaboda hupita hapo kutwa nzima zikinimwagia vumbi. Wiki iliyopita nililetewa kazi ya sare za kwaya ya watoto, bluu yenye kola nyeupe. Nilipokikunjua kile kitambaa, nilikaa chini. Mama anayeuza maandazi jirani yangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nimekumbuka tu.

Nilichokumbuka sijawahi kukisimulia chote kwa mtu mmoja. Nimekigawa vipande vipande, hiki kwa mume wangu, kile kwa rafiki. Leo nakisimulia kizima.

Nilizaliwa Nkoma, katika nyumba ya wakulima wa pamba. Jina langu ni Milembe. Nilipokuwa na miaka mitatu nilidondokea motoni. Mwenyewe sikumbuki, nimehadithiwa tu: mafiga, sufuria ya uji, na mimi niliyetaka kuonja kabla ya wenzangu. Moto ulichukua shavu langu la kushoto, kipande cha sikio, na shingo mpaka begani. Kovu lilipokauka liliivuta ngozi, ikawa nikicheka mdomo wangu unakwenda upande mmoja. Kaka zangu walisema nacheka kama mtu anayemteta jirani. Shuleni waliniita Ukoko. Jina hilo liliniuma, ingawa siku moja niliwajibu kwamba hata wao ukoko wanaugombania kwenye sufuria, na kwa siku mbili nzima wakaniheshimu.

Mama yangu, ambaye sisi Wasukuma humwita mayu, alikuwa na taratibu zake juu yangu. Kanisani tulikaa benchi la pembeni, mimi nikiwa nimeegemea ukuta kwa kushoto. Picha ikipigwa, aliniweka mwisho wa mstari na kunigeuza kidogo kwa bega. Nilipoanza kwenda mahali penye watu alinifundisha kujitanda kanga hivi kwamba ncha yake ining'inie juu ya shavu, na kila alipopita karibu yangu mkono wake ulikwenda kuirekebisha, hata kama haijasogea. Niliyachukua yote hayo kuwa ni mapenzi. Na yalikuwa mapenzi, msomaji wangu. Ndiyo maana habari hii ni ngumu kuisimulia.

Wakati wa mavuno tulikaa juu ya turubai kuchambua pamba. Ile nyeupe safi tuliitupa huku, ile yenye madoa tuliitupa kule. Ya madoa huitwa fifi. Baba alikuwa mkali sana kwa fifi; tonge moja likichanganyika na pamba safi alilitoa mwenyewe kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa mdudu kwenye maziwa. Mtoto ana akili zake. Bila kuambiwa na mtu yeyote nilijua mimi ni wa fungu gani.

Aliyenitoa kwenye fungu hilo alikuwa shangazi Mbuke, dada yake baba. Alikuwa mwalimu wa kwaya ya watoto kanisani kwetu, mwanamke mrefu, mwenye sauti kavu kidogo na vidole ambavyo havikutulia, daima vikipiga mapigo ya wimbo fulani juu ya paja. Hakujaliwa mtoto. Siku moja alikuja nyumbani kwetu mchana akanikuta natwanga mtama nikiimba peke yangu. Nilipomwona nikanyamaza.

"Mwadila, shangazi," nikamwamkia.

"Mwadila. Nani alikuwa anaimba?"

"Ni mimi."

"Rudia."

Nikarudia. Akanisogelea, akanishika kidevu, na kiganja chake kikalala juu ya shavu langu la kushoto. Hakuna mtu aliyekuwa akinishika upande ule, isipokuwa kunifunika.

"Ng'wanone," akasema, yaani mwanangu, "Mungu amekupa kitu."

Nilikuwa na miaka kumi. Mtoto wa miaka kumi akiambiwa neno kama hilo na mtu mzima ampendaye, halisahau. Nililala nalo na kuamka nalo. Jumatano na Jumamosi nilifika kwenye mazoezi kabla ya funguo za kanisa. Shangazi alinifundisha kuvuta pumzi kwa tumbo, akiweka mkono wake hapo na kunikaripia ukikaa bila kusogea. "Usiimbe kwa koo," alikuwa akisema. "Koo ni la kumezea ugali." Alinipa kuongoza nyimbo, mimi natangulia na wengine wanaitikia, ila alinisimamisha mstari wa pili, nyuma ya Minza. Sikuona ubaya. Minza alikuwa jirani na rafiki yangu, msichana mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye mwanya. Tulikuwa tunagawana michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, tukitafuna kimyakimya wakati wa mahubiri mpaka mashavu yanauma. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya kuku mchanga. Yeye mwenyewe alilijua hilo na alicheka kuliko sisi sote.

Mwaka uliofuata kanisa likaamua kwaya ya watoto irekodi nyimbo. Tukapelekwa Bariadi, kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya simu, ambacho kuta zake zote zilikuwa zimebandikwa trei za mayai. Wenzangu waliingia kwa zamu kuitikia, wakatoka. Mimi nilibaki mle karibu mchana mzima, nimevikwa visikilizio vikubwa vilivyokuwa vikiteleza kwenye lile sikio langu pungufu. Kijana aliyekuwa akirekodi hakunitazama usoni sana, alitazama mashine yake. Baada ya wimbo wa tatu akamwambia shangazi, "Mwalimu, huyu mtoto asije akaacha kuimba." Shangazi akacheka kwa furaha, vidole vikikimbia juu ya paja. Njiani kurudi Nkoma aliniweka karibu naye, akanifunika na kitenge chake kwa sababu ya upepo. Niliona kwamba sasa mimi ni wa fungu jingine.

Kisha fundi akaja kuwapima watoto sare za video, bluu yenye kola nyeupe. Kitambaa kilikuwa kimewekwa juu ya meza ya Bwana, na kanisa zima lilinukia. Ilipofika zamu yangu, shangazi akamwambia fundi apite. "Wewe nakujua kwa macho," akaniambia. "Nitampa vipimo vyako mwenyewe."

Ijumaa ya wiki ile mayu akanituma Shishiyu kwa bibi, mama yake mzazi, nimpelekee kuku na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, na nikae mpaka Jumapili. Nilifurahi. Kwa bibi kulikuwa na maziwa ya mgando na ng'ombe aliyekuwa akinifuata kama mbwa. Niliporudi nilikuta Minza hanisubiri njiani kama kawaida. Nilimfuata kwao. Akasema ana kazi nyingi, na alikuwa amekaa tu.

Ikapita kama miezi miwili. Jumapili moja baada ya ibada, mchungaji akatangaza kwamba watu wasiondoke, kazi ya watoto imekamilika. Madirisha yakazibwa kwa maturubai ili kuleta giza, jenereta likawashwa nje, na shuka jeupe likatundikwa mbele. Nilikaa benchi la mbele kabisa. Mayu aliniita kwa mkono nirudi pembeni kwenye ukuta. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikumtii.

Muziki ukaanza. Wakaonekana watoto wa kwaya yetu wamesimama juu ya majabali, wamevaa bluu, kola nyeupe zikipepea. Nikahesabu nyuso. Nilihisi nimepitwa tu na kamera na itarudi. Kisha sauti yangu ikatoka. Niliijua kama mtu anavyoijua nyumba yao. Na hapo ule uso mzuri wa Minza ukajaza shuka lote, akifungua na kufunga mdomo, akinyoosha mikono, na sauti yangu inatoka kinywani mwake, wimbo wa kwanza, wa pili, mpaka wa mwisho. Alijifunza vizuri. Hata pale nilipovuta pumzi, aliinua mabega.

Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Wamama wakaenda kumkumbatia Minza. Mama mmoja akamfuta jasho kwa kanga yake na kusema mtoto huyu ametumwa na Mungu. Minza akanitazama kupitia juu ya bega la yule mama, na akainamisha kichwa.

Sikulia pale. Nilimsubiri shangazi nje, upande wa nyuma wa kanisa, jenereta likiunguruma. Alipotoka, mayu alikuwa naye.

"Shangazi, mimi niko wapi?" nikamwuliza.

Akajibu kama mtu aliyekuwa amejiandaa. "Wewe umeimba, Milembe. Sauti yako imesikika, watu wamebarikiwa. Picha ni kitu kingine. Picha ni macho ya watu, na macho ya watu hayana huruma. Wangekucheka mpaka Mwanza. Nimekukinga."

"Ulisema Mungu amenipa kitu."

"Na nimekitumia kwa kazi yake."

Nikamgeukia mayu, nikitegemea aseme neno. Niwaambie ukweli, mpaka hapo nilikuwa bado na mahali pa kusimama, kwa sababu nilidhani mayu amedanganywa kama mimi. Alikuwa akiitazama mikono yake.

"Na Shishiyu?" nikauliza.

"Mimi ndiye niliyekubali," akasema. "Tuliona ni heri usiwepo siku ya kupiga picha. Ungewaona wanavaa ungeumia."

Basi, nilikuwa nimetumwa na kuku mkononi ili niondolewe. Mkono wa mayu ukaja, kama ulivyozoea, kurekebisha kanga kwenye shavu langu. Nilirudi nyuma ukabaki umening'inia hewani.

Tangu siku hiyo niliacha kuimba. Sikutangaza, niliacha tu. Shangazi akawaambia watu nina ugonjwa wa koo, na wamama wakawa wananiletea tangawizi. Niliipokea, nikasema wabeja, asante, maana adabu sikuacha. Kusali pia niliacha. Kichwa nilikiinamisha kama wengine, ila ndani nilikuwa nahesabu misumari ya paa. Niliona kama ni mambo ya watu wenye nyuso zao. Kama shangazi anaweza kunidanganya huku akilitaja jina la Mungu, na mayu akakaa kimya, basi huenda huyo Mungu naye yumo katika mpango. Huenda naye angependa nisimame nyuma ya Minza.

Jambo likaja lenyewe. Kwaya ikaalikwa kwenye mkutano mkubwa wa makanisa Bariadi, na waandaaji wakataka watoto waimbe moja kwa moja, siyo kwa kufuatisha kanda. Shangazi akaja nyumbani jioni, jua halijazama. Alikaa kwenye kigoda, akakataa uji.

"Milembe, nimekuja kukuomba," akasema. "Utaimba ukiwa nyuma ya spika. Kuna pazia. Minza atasimama mbele. Hakuna atakayejua."

"Mungu atajua," nikasema.

"Mungu ndiye anayekuita. Yeye haangalii sura."

"Yeye haangalii. Anayeangalia ni wewe."

Baba, ambaye tangu mwanzo hakuingilia mambo hayo kwa sababu aliyaita mambo ya kanisa na ya wanawake, alikohoa na kwenda kuangalia ng'ombe ambao walikuwa wamekwisha kuangaliwa. Mayu akasema taratibu, "Mwanangu, usimjibu hivyo shangazi yako. Nenda ukaimbe, yaishe."

Kesho yake asubuhi nikaenda shambani kabla ya wengine. Pamba ilikuwa imepasuka kote, nyeupe mpaka kule kwenye majabali, na umande ulikuwa bado kwenye majani. Niliingia katikati ya mistari, nikaanza kuvuna, na nikaanza kumsema Mungu.

Hapa nawaomba mnielewe. Kanisani kwetu tulisali kwa Kiswahili, Kiswahili cha adabu, cha ewe Baba na twakushukuru. Mimi Kiswahili nilikijulia shule, kwetu nyumbani ni Kisukuma tangu kuamka mpaka kulala, na hasira zangu zote zilikuwa kwa Kisukuma. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kumwambia Mungu kitu kwa lugha anayofukuzia mbuzi. Asubuhi ile ilitoka yenyewe. Mulungu, nikamwita. Nikamwambia amenionea. Nikamwuliza kwa nini anampa mtu sauti kisha anaiunguza nyumba ambamo sauti inakaa. Nikamwuliza kama naye amekubaliana nao, aseme, nijue. Nikawataja wote kwa majina: shangazi, mayu, Minza, baba na kikohozi chake. Nililia kamasi zikachanganyika na pamba, na bado mikono ilikuwa inavuna, kwa sababu mtoto wa mkulima hata akigombana na Mungu haruki mstari.

Hakuna sauti iliyojibu. Sitawadanganya. Hapakuwa na mwanga wala ndege wa ajabu. Ila nilipomaliza yote, nikakuta sijafukuzwa. Sijui kusema vizuri zaidi ya hapo. Nilikuwa nimesema maneno ambayo kwa mtu mzima yeyote ningepigwa kofi, na bado nilikuwa nimesimama pale, na Yule niliyekuwa nikimsema nilimhisi bado yupo, ananisikiliza, tena ananitazama bila kutafuta mahali pa kuniweka. Kanga ilikuwa imenidondoka mabegani. Upepo wa asubuhi ukapita juu ya kovu, na ngozi ile ambayo watu husema haina hisia, ilihisi baridi. Nikaanza kuimba. Si kwa ajili ya kwaya. Niliimba kwa sababu kitu kile kilikuwa changu, nilipewa mimi, na aliyenipa alikuwa ameuona uso wangu wote kabla hajanipa.

Niliporudi nyumbani nikampelekea shangazi jibu: nitaimba, ila nitasimama mbele na wenzangu. Akasema, "Sawa." Nikamwamini. Ndiyo, nilimwamini tena. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na yeye ndiye aliyewahi kulishika shavu langu.

Siku ya mkutano uwanja wa Bariadi ulikuwa umejaa tangu asubuhi. Jukwaa lilikuwa la mbao, lenye maspika mawili marefu na pazia jekundu kwa nyuma. Zamu yetu ilipofika, shangazi akanishika mkono kwa nguvu, akanipeleka nyuma ya spika la kushoto, akanipa maikrofoni. "Hapa hapa," akaninong'oneza. "Usiniaibishe." Kisha akaenda kuwapanga wenzangu. Minza alikuwa mbele kabisa, na maikrofoni mkononi ambayo niliona waya wake haujachomekwa popote.

Kinanda kikaanza. Nilisimama nyuma ya lile spika, na nilichokihisi siyo hasira tena. Nilihisi uchovu, kama mtu aliyeelezwa jambo moja mara mbili. Nikaimba mstari wa kwanza. Minza akafungua mdomo wake kule mbele. Na mimi nikaanza kutembea.

Waya ulikuwa mfupi. Ningependa kuwaambia nilifika mpaka katikati, lakini ulinivuta nikiwa nimetoka hatua kama nne tu, nusu mwili juani na nusu bado kivulini mwa spika. Nikasimama hapo hapo. Kanga niliishusha mabegani. Watu wa mbele waliniona, nikasikia mtoto mdogo akimwuliza mama yake, "Huyo amefanya nini usoni?" Nikaendelea kuimba. Sauti ilipepesuka kwenye mstari wa pili, nikaivutia pumzi kwa tumbo, kama nilivyofundishwa na mtu yule yule aliyenificha.

Minza akageuka akaniona. Akafunga mdomo wake. Akaishusha ile maikrofoni yake iliyokufa mpaka kwenye goti, na ulipofika wakati wa kuitikia, akaitikia na wengine kwa sauti yake nyembamba ya kuku mchanga.

Hakuna aliyelia uwanjani. Watu walipiga makofi kama walivyopigia kwaya zilizotangulia, kisha mshereheshaji akaita nyingine. Tulirudi Nkoma nyuma ya lori. Jumapili iliyofuata shangazi akasimama mbele ya kanisa akasema Milembe amesimamishwa kwaya kwa sababu ya kiburi, na watu wamwombee. Wakaniombea. Nilikaa benchi la pembeni na mayu, kovu kwa upande wa watu, kwa sababu nilikuwa nimeingia wa kwanza na kukaa kama ninavyotaka. Nilisikiliza wakiniombea kuhusu kiburi changu, nami nikawa nasali kimoyomoyo kwa Kisukuma.

Nadhani hapo ndipo nilipoanza kukua. Kila kitu kizuri nilichokuwa nikijiambia mpaka wakati ule nilikuwa nimepewa na shangazi, na yeye alikichukua alipotaka. Kile cha shambani hakunipa yeye. Ndiyo maana nilisimamishwa kwaya nikarudi nyumbani nikala ugali wangu nikashiba. Niliumia, tena sana, hasa Jumatano na Jumamosi nilipowasikia kwa mbali. Lakini kuumia na kuwa fifi nilikuwa nimekwisha kuvitenganisha. Minza alikuja siku moja na michembe kwenye ncha ya kanga. Tukatafuna. Hakuomba msamaha kwa maneno, na mimi sikumdai.

Ya mayu nilikuja kuyaelewa nikiwa mtu mzima, nimejifungua mtoto wangu wa kwanza. Alikuja Somanda kunilea. Siku ya tatu niliinuka kwenda kuoga, akapiga kelele nisimwache mtoto peke yake, ilhali mtoto alikuwa mikononi mwake. Tukatazamana. Akakaa kitandani, akaniambia jambo ambalo baba mwenyewe hakuwahi kuambiwa. Siku ile ya uji hakuwa ameenda kisimani kama alivyosema miaka yote. Alikuwa uani kwa jirani, wanapiga soga, wanacheka. Alisikia nikilia mara ya kwanza akadhani nalilia uji.

"Kila mtu akikutazama," akasema, "nilikuwa naona ananitazama mimi."

Yaani miaka yote ile, ukuta wa kanisani, kanga, picha, safari ya Shishiyu, hakuwa ananificha mimi. Alikuwa amejificha nyuma yangu, mtoto wa miaka mitatu, wa sita, wa kumi na miwili, na hakuwahi kumwambia mtu, wala Mungu, kwa sababu hata yeye alidhani Mungu anataka maneno ya adabu. Nilimwambia aseme kwa Kisukuma. Alicheka kwanza. Kisha akasema, kwa muda mrefu, na mimi nikatoka nje na mtoto ili asiwe na msikilizaji mwingine.

Mtu anayekupenda anaweza kukusaliti bila kuacha kukupenda. Mtoto hawezi kulijua hilo. Angelijua angekosa pa kulala. Mayu nimemsamehe, naye anajua. Shangazi bado yuko Nkoma, bado anafundisha kwaya, ni mzee sasa. Tukikutana tunaulizana hali, mhola, mhola duhu, na kila mmoja anashika njia yake. Hajawahi kusema neno lolote kuhusu uwanja ule. Niliwahi kudhani kwamba mtu aliyepata amani kwa Mungu husamehe mara moja, kama anayetua mzigo. Mimi sivyo nilivyo. Kila asubuhi, kabla sijafungua kibanda, nawataja watu wangu mmoja mmoja. Nikifika kwa shangazi huwa nanyamaza kidogo. Kisha namtaja.